Salamu ya Kulia

Ngazi za mawe hazikuwa na mwisho. Sirad alipanda moja, akapumua, akapanda nyingine, goti la kushoto likilia kama bawaba ya mlango mkuukuu. Kwao Garissa nchi imelala kama mkeka. Ngamia anayerudi humwona tangu akiwa mbali, mdogo kama mbuzi. Nani basi alimtuma, na miaka yake sitini na minane, kuja Nepal kukwea mlima gizani?

Alitumwa na mjukuu. Ruweyda alipata kazi huko, akamkatia nyanya yake tiketi: "Ayeeyo, njoo uone jua likigusa theluji." Asubuhi mbili mfululizo mawingu yalifunika kila kitu. Leo anga halina wingu, na kesho Sirad anarudi nyumbani. Ni leo au basi tena.

"Kitendawili!" akasema, apate kisingizio cha kusimama.

"Tega, Ayeeyo."

"Mzee ana kilemba cheupe, msikitini haendi."

"Si ndiye huyu mlima anayetutoa roho!"

"Kumbe akili ingalipo. Nilidhani imeganda."

Mama wa Kinepali aliyewaongoza akacheka bila kuelewa. Kisha akatazama mashariki, akamwambia Ruweyda jambo kwa Kiingereza. Ruweyda akazitazama ngazi zilizobaki.

"Amesemaje?"

"Tukikaza mwendo tutafika juu pamoja na jua. Tukisimama, halitatungoja."

Sirad alielewa hata kilichobaki. Adhana ya simu ilipolia walikuwa kwenye njia nyembamba, huku gema huku bonde, wakasema wataswali kileleni. Sasa jua likiwakuta huko, swala ya alfajiri itakuwa imewapita. Na hapa, kando ya ngazi, palikuwa na kiwanja cha kutosha watu watatu.

"Nenda, ayeeyo," akasema, akimwita mjukuu kwa jina lile lile analoitwa yeye, kama wanavyofanya kwao. "Udhu ninao. Mimi naswali hapa. Wewe kaone, unisimulie."

"Nikuache? Wewe uliniacha?"

Ruweyda alizaliwa wa miezi saba, mdogo kama paka, na majirani walishaanza kutoa pole. Wiki sita nyanya alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, hata kula alikula amesimama.

"Mtoto mbishi," akanung'unika, akitandika shuka. Akasimama akielekea kaskazini, kama alivyoswali maisha yake yote.

"Ayeeyo, geuka! Makka hapa iko magharibi."

"Lo! Hata kibla imehama?"

"Tumehama sisi."

Wakacheka, wakatulia, wakafunga swala. Mashariki kulibaki mgongoni. Sirad aliposujudu, baridi ya jiwe ilipenya shuka mpaka kwenye paji la uso. Alikwisha kulisamehe lile jua. Mtu hapewi vyote, na yeye alikwisha pewa huyu anayepumua ubavuni mwake.

Akafika mwisho, akageuza uso kulia kutoa salamu.

Kulia kulikuwa kaskazini, na kaskazini ilikuwa milima. Jua lilikuwa bado kuwafikia wao, lakini vilele virefu vilikuwa vimeliona kwanza. Vilikuwa vyekundu, kama makaa yaliyopulizwa, kimoja kikimwashia jirani yake. Shingo ya Sirad ilikataa kurudi. Ilimbidi ailazimishe kwenda kushoto, amalize swala yake.

"Alhamdulillahi," akasema. Akasema tena.

"Umeona?" Ruweyda alikuwa analia na kucheka. "Ayeeyo, umeona?"

"Nimeona, mama yangu. Kama ningekuwa nimeswali kwa kuuvizia ule mlima, nisingeona."

Mama wa Kinepali alikuwa amezima tochi, amekunja mikono kifuani. Ruweyda akajifuta macho kwa mtandio.

"Tupande sasa? Juu wanaona zaidi."

"Kaa kwanza," Sirad akasema, akimvuta kwenye shuka. "Mgeni akikaribishwa sebuleni hakimbilii chumba cha ndani. Mwambie na huyu mama akae. Na kama ile chupa mkobani mwake ina chai, aimimine."