Mawe ya Kichwani mwa Kapiteni

Yule msichana hakuja kununua samaki. Mama Dany alilijua hilo tangu siku ya kwanza, maana mnunuzi wa kweli huanza kwa kuilalamikia bei, na huyu alianza kwa salamu. Jina lake Priscille, mtafiti wa mambo ya ziwa. Alichoomba hapo sokoni Bunia kilikuwa kioja: aruhusiwe kupasua vichwa vya kapiteni, wale sangara wa ziwani, waliopandishwa kwa pikipiki kutoka Tchomia, atoe vijiwe viwili, kisha akirudishe kichwa bila kuharibu mchuzi wa mtu.

Vijiwe vyenyewe Mama Dany alikuwa akivitema tangu utotoni. Leo msomi mzima anavishika kwa kibano, anavifuta, anavitia katika vichupa! Katika mji huu, ambako hata gunia la matope likipita watu huuliza lina dhahabu kiasi gani, nani angeamini kwamba ni masomo tu?

« Weye unatafuta nini mu kichwa ya samaki? » alimuuliza.

« Miaka yake, Mama. »

« Miaka! Samaki iko na carte ya kupigia kura? »

Wanawake wa meza za jirani walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu. Mama Dany hakucheka. Ilisemekana watafiti wakimaliza kazi yao, ile ghuba anamovua mwanawe Dany itafungwa. Bila samaki wa Dany, meza yake ingebaki mbao tupu, na wajukuu wangekula nini? Aliogopa, na hofu yake ikageuka ukali. Akamfukuza Priscille mezani.

Kisha akaanza kuvipasua mwenyewe vichwa vya samaki wa Dany. Vijiwe vilipojaa kopo la maziwa, akavipeleka mtaa wa Bigo kwa Rachidi, mnunuzi wa dhahabu, mtu aliyemwamini kwa sababu naye hakumwamini mtu yeyote. Rachidi akakitazama kimoja, akakiuma, akakidondoshea asidi. Kijiwe kikatoa povu, kikaisha chote.

« Mama Dany, hii haiko dhahabu. Iko kama mufupa tu. Haina bei. »

« Kama haina bei, ule musichana musomi anaitafutia nini? »

Rachidi akamrudishia kopo lake. Sasa ndipo Mama Dany alipoingiwa na wasiwasi hasa, kwani mwizi wa dhahabu unamwelewa, lakini mtu anayekusanya kisicho na bei ana lake jambo. Akabeba kopo lake moja kwa moja mpaka mtaa wa Ngezi, kwenye chumba cha kazi cha Priscille, akalitua mezani kwa kishindo.

« Sema kweli. »

Priscille hakubishana. Akaweka kijiwe chini ya hadubini, akampisha aangalie. Mama Dany akaona pete, kama za kitunguu kilichokatwa.

« Pete moja, mwaka moja, Mama. Kapiteni anangojaka karibu pete tatu mbele ya kuzaa. »

« Hii iko na ngapi? »

« Moja. »

Wakaweka kingine, na kingine tena, mpaka Mama Dany akachoka kuinama. Pete moja. Pete moja.

« Mu hii kopo sijaona hata moja yenye ilishazaa, » alisema Priscille. Akainua macho. « Hizi zilikamatwa na wavu ya matobo kidogo-kidogo. Iko ya nani? »

Macho yale Mama Dany aliyajua. Ndiyo aliyomkazia Priscille siku zote hizi. Samaki walipoanza kupungua ukubwa aliwalaumu wavuvi Waganda wa ng'ambo ya ziwa, akawalaumu askari na wenye pikipiki, mwisho akamlaumu msichana huyu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akipekua nguo za wenzake. Wavu ule aliununua mwenyewe sokoni Ariwara, akafurahi kwamba hata kidole hakipenyi. Wa pili ulikuwa chini ya kitanda chake, ukisubiri pikipiki ya kushuka ziwani.

Angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa tayari ulimini. Aliona aibu, akamwona Dany na watoto wake, akaona tena ile pete moja.

« Iko ya mutoto yangu, » alisema. « Miye njo nilimununulia. »

Mama Dany akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

« Na ingine iko chini ya kitanda yangu. Kuya tuende uichukue sasa hivi, mbele roho yangu ibadilike. »