Masikio ya Kidato cha Nne B

Jiografia ilikuwa imeangukia kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, na mada ilikuwa aina za udongo. Joto lilikuwa limejaa chini ya mabati. Dawati la mbele lilikuwa na mguu mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na mwalimu alikuwa ameandika ubaoni kichanga, tifutifu, mfinyanzi, kwa mwandiko ambao hata wakaguzi waliusifu. Wanafunzi walimwita Tukopamoja, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi mbili bila kuuliza, "Tuko pamoja?" Darasa lilijibu, "Ndiyo, mwalimu," kwa sauti ya watu wanaosinzia kwa adabu.

Alikuwa amefika kwenye mfinyanzi sikio la kulia la Redio lilipoanguka.

Redio alikuwa msichana wa dawati la pili, na jina hilo alilipata kwa kutozimika. Sikio lilidondoka juu ya daftari lake, likatulia kidogo, kisha likaanza kujikunja na kujikunjua kama kiwavi kuelekea dirishani. Tukopamoja alidhani ni kifutio. Alipoliona vizuri alilishika kwa ncha za vidole, akalipangusa vumbi la chaki, akamrudishia mwenyewe. Redio alishukuru, akalibandika mahali pake kama anayerekebisha hereni. Kabla mwalimu hajafika ubaoni, masikio yalikuwa yakidondoka darasa zima kama mvua inayoanza. Yalipanda ukuta, yakavuka dirisha, yakashukia nje kwenye maua. Wenye masikio walibaki wameketi wima, macho ubaoni.

"Tuko pamoja?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, na kwa mara ya kwanza alielewa sababu.

Kwenye chumba cha walimu hakuna aliyeshtuka. Mwalimu wa kemia alisema ya darasani kwake yalianza kutoka tangu muhula uliopita, ila yeye hufundisha kwa kuandika tu, hivyo hayamsumbui. Hata hivyo taarifa ilipelekwa, na ofisi ya elimu ikamtuma mshauri wa ufundishaji, mtu mpole mwenye mkoba mpana. Alimshauri Tukopamoja aache kusimama pale pale kama nguzo, atembee kati ya madawati, apandishe na kushusha sauti, awagawe wanafunzi kwenye makundi, alete vitu vya kushika. Tukopamoja alifanya yote. Alileta udongo wa kweli kwenye ndoo. Alitunga wimbo wa tifutifu akauimba mwenyewe, ubeti hadi ubeti. Aliwapanga kwenye makundi, nao wakakaa kwa makundi, bila masikio. Mshauri aliporudi alikuna kidevu, akapendekeza plasta. Plasta zikabandikwa. Masikio yakaondoka na plasta zake, kama wagonjwa walioruhusiwa kwenda nyumbani.

Kengele ikilia yalirudi yenyewe, ila kwa ile haraka mengine yalikosea vichwa. Kijana mmoja aliyeitwa Mlingoti kwa urefu wake alikwenda nyumbani na sikio la Redio. Jioni nzima akawa anamsikia mama yake Redio, fundi cherehani, akimwita aje ashike kitambaa. Mwishowe Mlingoti alivaa viatu, akaenda, akakishika.

Tukopamoja alikuwa na hakika kwamba masikio yale yanakwenda uwanjani kwenye mpira, au kibandani kwenye muziki. Yeye angekuwa sikio, angekwenda huko. Siku moja aliiweka chaki chini akayafuata. Yalipita bomba la maji, yakakata kona ya maktaba iliyofungwa, yakafika chini ya dirisha la mkuu wa shule na kujibandika ukutani kwa safu, madogo mbele, makubwa nyuma. Palikuwa na utulivu ambao hajawahi kuuona darasani kwake. Akakusanya sketi yake, akachuchumaa pembeni, akatega na la kwake.

Ndani, mkuu wa shule alikuwa akimweleza msaidizi wake mkakati wa kupandisha wastani. Kidato cha Nne A wangefanya mtihani wa mwisho hapo hapo, kwa jina la shule. Kidato cha Nne B wangesajiliwa kama watahiniwa wa kujitegemea, kwenye kituo cha mji mwingine, ili wakianguka wasianguke na shule.

"Wale ni wa kujazia madawati," alisema mkuu, bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Msaidizi aliuliza kuhusu wazazi. Mkuu akasema wataambiwa majina yakishakwenda.

Mkakati huo ulikwisha kusomwa kwenye kikao cha walimu. Sasa Tukopamoja aliukumbuka, pamoja na jina lake zuri, na jinsi yeye alivyokuwa akisahihisha madaftari mapajani wakati unasomwa. Alijipapasa kichwa pande zote mbili. Masikio yalikuwepo. Lakini kama yalikuwepo siku ile ya kikao, hakuweza kuapa.

Alikwenda kwa mkuu siku hiyo hiyo. Mkuu alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akamsihi asilitie jambo hili moyoni. Kazi yake ni kufundisha, akamwambia, na kituo kile kina viti imara kuliko vyao.

Kesho yake aliingia darasani, akafunga mlango, akafuta udongo wote ubaoni. Aliwaambia alichokisikia dirishani, neno kwa neno, mpaka lile la kujazia madawati. Hakuna sikio lililotikisika.

"Tunajua, mwalimu," alisema Redio. "Tulidhani wewe ndiye hujui."

Mwalimu aliitazama ile ndoo ya udongo. Mlingoti akauliza kama huko kwenye kituo kingine maswali yatakuwa tofauti. Mwalimu akasema ni yale yale, karatasi ile ile, saa ile ile.

"Basi tuendelee," alisema Mlingoti. "Sisi tuliishia kwenye tifutifu."

Tangu siku hiyo Tukopamoja alianza kila kipindi kwa kuwapa habari za ofisini zinazowahusu wao: nani kasema nini, majina yamefika wapi. Ilikuwa haichukui muda. Masikio, yakiwa yameletewa habari pale pale yalipo, hayakuwa na sababu ya kutoka, na kwa kuwa yalikuwepo tayari, yalisikiliza na udongo. Darasa likawa na maswali mpaka mwalimu akawa anaomba apumzike kidogo. Mkuu wa shule alipopita varandani aliona vichwa vyote vimemwelekea mwalimu, kila kimoja na masikio yake. Aliingia, akawapongeza kwa nidhamu, akatoka kwenda kutia saini usajili wao wa mji mwingine.

Kikao cha wazazi kiliitwa mwisho wa muhula. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cheupe, wakaketi mkuu wa shule, msaidizi wake na mwenyekiti wa bodi. Kidato cha Nne B, ambao ndio waliopanga viti, walisimama nyuma ya ukumbi. Mkuu alitangaza kwamba majina yamekwenda. Mama yake Redio akanyoosha mkono, akasimama, sindano mbili bado zikiwa zimechomekwa kwenye kola yake.

"Watoto wetu wanavaa sare hii hii," alisema. "Nyingine nimezishona mimi. Wanafagia uwanja huu huu. Kwa nini siku ya mtihani wawe wageni?"

Sikio la mkuu lilidondoka kwanza, likaangukia karibu na glasi ya maji. Likafuata la msaidizi. Mwenyekiti wa bodi alikuwa na masikio makubwa, na yalipotua meza ilitikisika. Yote yaliteremka kwa kitambaa, yakapita katikati ya miguu ya wazazi, wazazi wakiyapisha kwa heshima, yakatoka mlangoni kuelekea kwenye gari la mwenyekiti, ambako dereva alikuwa akisikiliza mpira.

Mama yake Redio alimgeukia Tukopamoja, aliyeketi jirani yake, akamuuliza kama aendelee. Tukopamoja akamwambia aendelee. Mama akaendelea. Alisema yote aliyokuja nayo, polepole, bila kupaza sauti, na nyuma ya ukumbi Kidato cha Nne B wakamsikiliza mpaka neno la mwisho.

Midomo ya mama ilipotulia, mkuu wa shule alitabasamu.

"Tumekusikia, mama," alisema, akaita ajenda inayofuata, ambayo ilikuwa rangi ya geti.

Mama yake Redio aliketi, akamgeukia tena Tukopamoja.

"Amesema amenisikia?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Na masikio yake yako wapi?"

"Kwenye gari. Kuna mpira."

Mama alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenye duka ametoka kidogo, akatulia kusikiliza habari za geti. Bodi ilichagua kijani.