Sanduku la Kufuli Mbili

Ujumbe ulimfikia Leonardi saa mbili na robo asubuhi ya Ijumaa, mswaki ukiwa bado mdomoni: Mzee Jabiri wa Kunduchi amefariki alfajiri, maziko ni leo baada ya sala ya Ijumaa. Aliusoma mara mbili. Kabla huzuni haijapata mahali pa kuketi, hofu iliingia na kukalia kiti chake. Saa nane kamili mchana wa siku hiyo hiyo, kipindi kipya cha Maneno Bila Kodi kingejitoa chenyewe kwa wasikilizaji elfu kumi na moja. Na katika dakika tatu za mwisho za kipindi hicho, Leonardi alikuwa amemzika Mzee Jabiri kwa mzaha.

Maneno Bila Kodi ilikuwa podikasti ya upuuzi, na wenyewe hawakuona haya kuiita hivyo. Kila Jumatano Leonardi na rafiki yake Twaha, mwana mkubwa wa Mzee Jabiri, walijifungia katika chumba cha uani huko Madale, kuta zimezibwa kwa magodoro makuukuu na trei za mayai, wakajadili kwa uzito wa majaji iwapo jogoo wa jirani anaweza kushtakiwa, au kwa nini shemeji hamalizi soda anayokaribishwa. Kipindi kilifungwa kwa Tanzia ya Wiki. Hapo, kwa sauti ya msiba, walitangaza kifo cha kandambili ya kushoto au cha ahadi ya fundi seremala, wakataja wafiwa na mahali pa kukutana. Watu waliwaandikia kwamba wamecheka hadi wameunguza wali.

Katika upuuzi huo wote palikuwa na sheria moja, na aliyeiweka ni Twaha. Baba yake alikuwa mnadi wa samaki kwa miaka thelathini, mtu aliyeishi kwa koo lake. Mwaka uliotangulia kiharusi kilimpinda mdomo na kuufanya ulimi wake mzito. Naye akaendelea kunadi vivyo hivyo, bei zikimtoka zimevunjika katikati, huku vijana wa sokoni wakimwiga nyuma ya mgongo wake.

"Tumcheke yeyote," Twaha alisema, "hata mie mwenyewe. Mzee hapana."

Leonardi alikubali kwa kupeana mkono. Lakini Leonardi alikuwa Mnyamwezi na Mzee Jabiri alikuwa Mzaramo, na baina ya makabila hayo mawili utani ni haki iliyorithiwa. Mzee hakupata kumwita kwa jina hata siku moja; alimwita mpagazi, kwa ukumbusho wa mababu waliobeba mizigo kutoka bara hadi pwani. "Siku nikifa usije mikono mitupu, mpagazi," alikuwa akimwambia. "Njoo na mzigo kichwani, ndipo nitajua ni wewe." Leonardi naye alimjibu: "Nitakunadi kabla hujapoa, mzee." Wakacheka wote wawili, na mama wa nyumba akaleta chai.

Kutoka katika ruhusa hiyo ndipo Leonardi alipojikatia ruhusa nyingine ambayo hakupewa na mtu. Jumanne, akiwa peke yake, alirekodi tanzia ya Mzee Jabiri, na ndani yake akamfanya marehemu anadi jeneza lake mwenyewe, kwa ule ulimi mzito, kwa zile bei zilizovunjika. Alijichekesha hadi akatokwa na machozi. Jumatano Twaha alikuja na haraka, akitaka kuwahi kumpeleka baba yake kliniki.

"Mwisho umekaaje?" aliuliza, akiwa tayari amesimama.

"Uko sawa," alijibu Leonardi.

Twaha akaandika nusu yake ya nywila, Leonardi akaandika ya kwake, kipindi kikapangiwa saa, na ukurasa ukafungwa.

Nusu hizo zilikuwa na historia. Katika shule ya bweni walikosoma, marafiki wawili walitumia sanduku moja la bati na kulitia kufuli mbili, kila mmoja akatembea na ufunguo wa kwake shingoni. Hakuna aliyeweza kulamba sukari ya wawili peke yake. Twaha na Leonardi waliishi na sanduku kama hilo kwa miaka minne bila kijiko kimoja kupotea. Walipoanza podikasti wakaitendea vivyo hivyo: nywila moja, nusu mbili, kila mmoja na yake, asiyoijua mwenziwe. Ulikuwa utaratibu wa watu waungwana. Ijumaa hiyo Leonardi aligundua kwamba sanduku lisilofunguliwa na mwizi halifunguliwi na mwenye kutubu pia.

Alimpigia Twaha mara sita, simu haikupatikana. Aliwaandikia wenye mtandao, akapokea shukrani kwa uvumilivu wake na ahadi ya jibu ndani ya siku mbili. Alijaribu kukisia nusu ya mwenziwe: jina la mke, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitanda cha bwenini, timu ya mpira. Baada ya jaribio la nne ukurasa ulimwonya kwamba limebaki moja, na akikosea, akaunti itafungwa hadi kesho.

Akaondoa mkono kwenye kompyuta kama mtu aliyegusa jiko.

Saa tano na nusu bodaboda ilimshusha Kunduchi, vumbi la malori ya kiwanda cha saruji cha Wazo limemganda kwenye nyusi. Turubai lilikuwa limesimamishwa, wanaume wametanda kwenye mikeka. Mlangoni aliketi Bi Mwajabu, dada wa marehemu.

"Shikamoo, shangazi. Poleni sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Naomba nimwone Twaha. Dakika moja tu."

"Yumo ndani, anamwosha baba yake. Hata mkuu wa mkoa angekuja, angengoja."

"Ni jambo la haraka, shangazi."

Bi Mwajabu alimtazama kuanzia viatu hadi usoni. "Haraka kuliko hili?"

 Leonardi alijitenga pembeni, simu mkononi, akaanza kuhesabu. Jeneza lingetoka saa sita na nusu kuelekea msikitini; kutoka hapo ni sala, kisha makaburini. Saa nane ingewakuta watu na udongo mikononi. Na simu mia mbili zilizokuwa mifukoni mwao zingelia kwa pamoja kuwaarifu kwamba Maneno Bila Kodi ipo hewani.

Nyuma yake kicheko kililipuka. Bi Bernadeta, mama wa Kinyamwezi auzaye mkaa sokoni na mkuu wa watani pale mtaani, alikuwa ametokea amevaa kofia ya marehemu na koti lake la mnadani, kanga imekazwa kiunoni. Alipanda juu ya ndoo iliyofunikwa, akanyoosha mkono, na sauti ikamtoka nzito, pana, yenye kujigamba, sauti ya Mzee Jabiri wa miaka ile koo lake lilipofika hadi kwenye hoteli za ufukweni.

"Samaki changu huyu! Macho yake maangavu kuliko ya mkeo! Nani atamchukua, au nimrudishe baharini akalalamike?"

Wazee walicheka huku wakijifuta machozi. Hata Bi Mwajabu alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika. Leonardi peke yake hakucheka. 

"Na wewe," Bi Bernadeta alimwonyesha kidole, "Mnyamwezi mzima umesimama kama nguzo ya umeme. Huna kazi? Nenda ukalale langoni. Huyu Mzaramo hatoki bure hapa."

Hiyo nayo ilikuwa desturi. Mtani hulala njiani na kuzuia jeneza, na mwana mkubwa wa marehemu huja mwenyewe, mbele ya watu, kumkomboa baba yake kwa chochote watakachoafikiana. Leonardi alilisikia neno lile, langoni, kama mfungwa asikiavyo jina lake likiitwa. Akaenda. Akalala chali kwenye mchanga wa moto, shati lake jeupe na yote, akakaza macho angani.

Saa sita na dakika ishirini na nane jeneza lilitoka, kitambaa cha kijani kimelifunika. Wabebaji wakasimama. Shehe aliangalia saa yake.

"Watani, fanyeni hima," alisema kwa upole usioficha kuudhika. "Ijumaa haimngoji mtu."

Twaha alijongea mbele. Macho yalikuwa mekundu na makavu, kanzu imelowa hadi viwikoni, na alinukia kafuri. Alichuchumaa kando ya rafiki yake na kutoa noti kifuani.

"Haya, mtani. Sema bei yako, baba apite."

"Sitaki hela," alisema Leonardi. "Nataka nusu yako."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. "Nusu ya urithi!" mmoja akadakia. "Mpagazi kapandisha dau!"

Twaha hakucheka. "Ya paswedi? Saa hizi?"

"Kipindi kinatoka saa nane. Lazima kisimame."

"Kitoke tu. Watu watajua tulipanga zamani. Kwani kina nini?"

Hapo palikuwa na mlango, na Leonardi aliuona uko wazi. Angeweza kusema kwamba si adabu vichekesho kutoka siku ya msiba. Lingekuwa neno la kweli, na rafiki yake angemshukuru. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Juu yake, wabebaji walibadilisha bega, na mbao zikalia kidogo.

"Nimemweka mzee," alisema. "Kwenye tanzia. Nimemwiga."

Kicheko kiliendelea nyuma yao, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesikia. Twaha alibaki amechuchumaa, noti bado mkononi. Shehe alikohoa. Mtu mmoja akauliza kama mtani amekataa bei. Leonardi aliona kovu dogo kidevuni mwa rafiki yake, kovu alilolijua tangu kidato cha kwanza, likitetemeka.

"Lete simu," alisema Twaha.

Aliinamisha kioo upande wake, akaandika kwa kidole kilichosinyaa kwa maji na kafuri, taratibu, herufi kwa herufi, kama asiyetaka kukosea kwa sababu nafasi ilikuwa moja. Akamrudishia. Leonardi akaongeza nusu yake. Duara ikazunguka. Ikazunguka tena. Mtandao wa Kunduchi ulikuwa umechagua wakati huo kufikiri.

Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza. *Kipindi kimesitishwa.*

"Inuka," Twaha alisema, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Umelipwa. Baba apite."

Jeneza likapita, watu wakaitikia shahada, na Leonardi akabaki amesimama ukutani, mchanga mgongoni. Hawakuzungumza msikitini, ambako yeye alisubiri nje, wala makaburini, ambako alipokezana jembe na wengine hadi viganja vikachubuka. Saa nane ilipopiga hakuna simu iliyolia.

Lakini ukurasa ulikuwa bado wazi. Alilikumbuka hilo njiani wakirudi, na wazo likamsimamisha: kwa mara ya kwanza sanduku lilikuwa mikononi mwake, kufuli zote mbili zimefunguliwa. Kubonyeza mara moja, na zile dakika tatu zisingekuwapo duniani. Twaha angejua kwamba kuna kosa. Asingejua kamwe ukubwa wake. Aliuweka mfukoni mkono uliokuwa na simu, na hakuutoa mpaka alasiri, Twaha alipomwita nyuma ya jiko, penye masufuria ya pilau.

"Kipo bado?"

"Kipo."

"Nikisikie."

Leonardi alimpa spika za masikioni. Twaha akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikiliza ameinamisha kichwa. Leonardi alisimama mbele yake kama alivyosimama zamani mbele ya mwalimu wa zamu. Alijua kila neno lililokuwa likipita. Sasa ni wafiwa. Sasa ni jeneza linatajwa bei. Sasa ni ule ulimi. Aliyoyaona ya kuchekesha Jumanne yalimrudia moja moja bila kicheko chochote ndani yake, na kwa mara ya kwanza akasikia kilichobaki yakiondolewa kicheko: mzee mgonjwa akihangaika na neno.

Twaha hakuondoa spika hadi mwisho.

"Bi Bernadeta naye amemwiga leo," alisema. "Hata mie nilicheka, humo ndani, nikiwa nimemshika kichwa."

"Nilimsikia."

"Umemjua baba miaka kumi na miwili. Sauti zake zote unazijua. Ya sokoni, ya kutukaripia, ya kukuita mpagazi." Alizikunja spika kiganjani. "Ukachagua hii ya ugonjwa."



Twaha alifuta kipindi mwenyewe. Kisha akaendelea kubonyeza kwa muda, akaurudisha ukurasa ulivyokuwa, akaufunga, na kumkabidhi simu.

"Nusu yangu nimeibadilisha."

"Sawa."

"Huulizi nitaiandika tena lini."

"Sina haki ya kuuliza."

 Sauti ya Bi Bernadeta ikapasua ua: maji yamekwisha, masufuria yamejaa ukoko, watani wamekuja kula tu? Leonardi akachukua ndoo kubwa ya lita ishirini, akaenda bombani kwa jirani, akaijaza hadi ukingoni. Alikata kipande cha kanga kuukuu kilichokuwa kwenye kamba, akakisokota kuwa kata ya kichwani, akajitwika ndoo. Maji yalimchuruzika shingoni aliporudi kupitia langoni, mbele ya wanaume wote waliokuwa kwenye mikeka, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa aliyekuwa na haki ya kulicheka hilo walikuwa wamemzika.

Twaha alikuwa amesimama njiani. Alimwona anakuja na mzigo kichwani. Alisogea hatua moja pembeni, akampisha.