Mtani Asiye na Jina

Kila Jumamosi alasiri Mzee Kondo alilaza randa yake ubavu juu ya meza ya kazi, akapuliza vumbi la mbao kwenye kigoda, kisha akamwita mwalimu aje kusoma. Jovina alikuwa mpangaji wake, na karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba, ikitazama barabara ya Keko. Alikuja macho chini kama kawaida yake, akaketi, akapokea gazeti kwa Nasser, mwenye duka la jirani, ambaye alilinunua mjini, akalisoma kwanza peke yake, ndipo akalileta pamoja na birika la kahawa. Mafundi wakanyamazisha misumeno. Hawakutaka habari za Gavana wala bei ya katani. Walitaka ukurasa wa nyuma, hadithi za mwandishi aliyejiita Sultani Makombo.

Jumamosi hiyo Sultani alisimulia kisa cha Fundi Pima Baadaye. Fundi huyo alimchongea mkewe kitanda cha mvule, kikubwa hata hakikuweza kutoka mlangoni mwa karakana. Akang'oa mlango, hakikutoka. Akabomoa ukuta, kikatoka, kikaenda kukwama kwenye mlango wa nyumba. Siku hizo zote mke alilala mkekani, na kila mpita njia aliyeuliza alimjibu kwamba mume wake ni fundi hodari, kitanda kimeshafika, kinachongojwa ni nyumba.

Mafundi walicheka hata mmoja wao akakalia kopo la gundi. Nasser alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Jovina aliinua macho kidogo tu, amwone Mzee Kondo naye akicheka. Badala yake aliuona mkono wake, mkavu na mpana, ukitua juu ya ukurasa na kuyafunika maandishi.

"Basi, mwalimu," alisema. "Inatosha."

Akakusanya patasi zake na kufunga karakana jua lingali juu. Hakuwa amefanya hivyo tangu matanga ya mkewe.

Sultani Makombo alikuwa Jovina.

Hakuna aliyejua. Mhariri mwenyewe alidhani ni mzee fulani mstaafu, akamwandikia kwa heshima zote kupitia sanduku la posta. Wala Sultani hakuwa peke yake. Palikuwa na Kepteni Kijiko, aliyesimulia safari za meli isiyowahi kung'oa nanga, na Mjomba Simjui, ambaye kazi yake ilikuwa kuliandikia gazeti akiwatukana hao wawili. Wasomaji waligawanyika. Wengine waliapa kwamba Mjomba na Sultani wakikutana watatoana macho.

Jovina alianza mchezo huo akiwa chuo cha ualimu cha masista, huko bara. Mbele ya watu maneno yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki, lakini mbele ya karatasi yalimtoka yenyewe, tena yakicheka. Mwanzo aliazima jina kwa kuwaogopa masista. Baadaye aligundua kwamba jina la kuazima ni kama baibui: unapita sokoni, unaona kila mtu, na hakuna anayekutazama wewe.

Ila palikuwa na jambo moja ambalo baibui hilo halikuweza kulifunika. Yeye ni Mnyamwezi na Mzee Kondo ni Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na utacheka. Atamkamata kuku wako na utamshukuru. Na msibani ndipo penye kazi yake hasa. Huvaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na sauti yake, akalala njiani kuzuia maiti isipite, hadi wafiwa wapate kucheka kidogo katikati ya kilio.

Kila asubuhi Mzee Kondo alimchokoza. Alisema Wanyamwezi walitua mizigo pwani wakasahau njia ya kurudi. Jovina alitabasamu tu, na aliyejibu kwa niaba yake alikuwa Bi Mwanahawa, mke wa Kondo, mwanamke mnene, mwepesi wa kicheko, aliyetembea mkono mmoja kiunoni kama anayekwenda kumsuta mtu.

Mwaka uliopita Bi Mwanahawa alifariki. Wanawake walimletea Jovina khanga ya marehemu, kwa kuwa ndiye Mnyamwezi pekee pale nyumbani. Akasimama nayo mlangoni. Ua mzima ukageuka kumtazama, na Mzee Kondo akainua uso wake, uso wa mtu anayengoja maji. Jovina alifungua kinywa. Halikutoka neno. Akaketi chini, akalia kama wengine, na Bi Mwanahawa akaenda kuzikwa bila mtani. Hakuna aliyemlaumu. Mama mmoja alisema tu, mwacheni mtoto wa watu, huyo ni msomi. Khanga ilibaki chumbani kwake.

Maneno ambayo hakuyasema siku ile alikaa nayo mwaka mzima. Yalipomzidi, akampa Sultani Makombo ayaseme.

Asubuhi baada ya gazeti, Mzee Kondo alimkuta uani akifua. Alimweleza kwamba kisa cha kitanda ni chake, alikichonga kitanda hicho walipooana, na mtaa mzima unajua habari ya ukuta. Lakini yale maneno ya mkekani, kwamba kinachongojwa ni nyumba, Mwanahawa alimwambia yeye mumewe tu, naye kwa kuyapenda akamsimulia Nasser peke yake. Nani mwingine angeyajua? Tena Nasser anaandika kwa hati nzuri.

Jovina aliyajua maneno hayo kwa Bi Mwanahawa mwenyewe. Alimsimulia wakichagua mchele, wakacheka hadi ungo ukapinduka.

"Kwani mie sijui kutaniwa?" alisema Mzee Kondo. "Angekuwa Mnyamwezi ningecheka, nikampa na kitanda chenyewe. Lakini huyu Sultani ni nani? Mtoto wa nani? Mtu asiye na kwao hawezi kuwa mtani wangu. Huyo amenicheka mimi na marehemu wangu, basi."

Jovina alifungua kinywa. Akasema kwamba mawingu yamekuwa mazito, huenda nguo zisikauke.

Siku zilizofuata birika la Nasser lilirudishwa kahawa ikiwa imejaa. Mzee Kondo akawa anapita mbele ya duka lake na kwenda kununua sukari mbali. Nasser alimuuliza Jovina kwa sauti ya chini kama anajua alichokosa. Hao walikuwa wazee waliofungishiana watoto ndoa, wakazikiana wazazi. Jovina alirudi chumbani akashika kalamu, kwa kuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kusema.

Jumamosi iliyofuata Mjomba Simjui alitokea gazetini. Alimkemea Sultani kwa kucheka nyumba za watu, kisha, kwa mzaha wa kujikuna kichwa, akawahakikishia wasomaji kwamba Sultani si mwenye duka na hajawahi kuuza hata njiti ya kiberiti. Jovina aliona amemaliza. Lakini fundi mmoja alipomsomea Mzee Kondo, herufi moja moja, mzee alitikisa kichwa.

"Hakuna aliyemtaja mwenye duka gazetini," alisema. "Amejitaja mwenyewe."

Ndipo Jovina alipoelewa alilolifanya. Alidhani utani ni maneno. Aliyatoa maneno yenyewe, mazuri, yaliyochongwa vizuri kuliko ambavyo ulimi wake ungeweza. Alichoficha ni yule mwenye ruhusa ya kuyasema. Bila yeye, kilichobaki kilikuwa tusi, na wala majina yake yote matatu ya kuazima yasingeweza kuliombea radhi.

Jumamosi ya tatu Nasser alikuja karakana bila gazeti na bila birika. Alikuwa ametawadha, amevaa kanzu ya Ijumaa, na mikononi amebeba Msahafu uliofungwa kitambaa cheupe. Alisema hawezi tena kupita barabarani akitazamwa hivi. Ataapa mbele ya mafundi wote kwamba si yeye Sultani, na Kondo achague kumwamini au kutomwamini.

Mzee Kondo alitazama kitambaa kile muda mrefu. Uso wake ulionyesha kwamba hataki, na kwamba hajui namna ya kukataa. Jovina, aliyekuwa amesimama penye mlango wa uani, aliona yote yatakayofuata. Nasser angeapa, angeaminiwa, na asingerudi tena na kahawa. Mtu hamwapishi rafiki yake mlangoni pake, kisha akanywa naye.

Aliingia chumbani. Alipotoka, khanga ya Bi Mwanahawa ilikuwa mwilini mwake, imemzunguka mara mbili kwa wembamba wake. Akaweka mkono mmoja kiunoni na kuanza kutembea katikati ya mbao, kwa mwendo ule wa kwenda kumsuta mtu, na mafundi wakampisha bila kuambiwa.

"Wewe Kondo!" alisema, na sauti ilikuwa ya Bi Mwanahawa, ile nzito, ya pembeni mwa mdomo. "Unamwapisha mwenzio kwa ajili ya kitanda? Apishwe aliyepima! Maneno yangu nilimpa Mnyamwezi wangu, tukichagua mchele. Yeye ndiye Sultani. Yeye ndiye Simjui. Ulimi wake umelala, basi akaazima wa gazeti."

Nasser alikumbatia Msahafu wake kifuani. Mzee Kondo aliitazama khanga, akautazama mkono ule kiunoni, na midomo yake ikaanza kucheza. Kicheko kilimtoka kwanza puani, halafu tumboni, halafu hakikujulikana tena kama ni kicheko, kwa maana machozi yalikuwa yakitiririka hadi kwenye ndevu.

"Mnyamwezi mvivu," alisema alipoweza. "Msiba wa mwaka jana, unakuja leo?"

Sauti ya Bi Mwanahawa ilikuwa imemwisha Jovina. Ilibaki yake tu, ndogo, na kila mtu alikuwa akimtazama. Safari hii hakuketi chini.

"Niliandika ili ucheke, baba," alisema. "Siku ile ulinitazama nikuchekeshe, nikashindwa. Nami nilimpenda sana."