Kibuyu Juu ya Moto wa Nanyori

Mwaka ule wa njaa, vita vya Hitla vikiwa havijaisha, kilichomnyima usingizi Nashipae hakikuwa tumbo. Kilikuwa kibuyu. Kibuyu cha mbegu ya maharage, cheusi kwa moshi, kilichotundikwa juu ya moto katika nyumba ya mke mwenzake.

Pale kwao Sambasha, ubavuni mwa Mlima Meru, mama mkwe ndiye aliyeshika mambo ya mbegu. Baada ya mavuno alichagua maharage moja moja kwa vidole, maana macho yalikuwa yamekwisha, akayachanganya na majivu, akayatia kibuyuni, kisha akaziba mdomo kwa kinyesi kibichi cha ng'ombe. Halafu alimkabidhi mke mmoja wa mwanawe Simel, na tangu hapo hakuna wa kukifungua mpaka siku ya kupanda. Kwa miaka tisa alimkabidhi Nashipae, mke mkubwa. Mwaka wa kumi wadudu walikutwa ndani. Yule mama hakugomba wala hakununa, ila mavuno yaliyofuata akapita mlango wa Nashipae bila kusimama, akaenda kukitundika kwa Nanyori, mke mdogo.

Nashipae angalau angetukanwa angejibu. Sasa angejibu nini? Kila akiona moshi ukitoka kwenye paa la Nanyori, alijua unakifukiza kibuyu chake. Chake, ndiyo. Hivyo ndivyo alivyokiita moyoni.

Njaa ikakaza. Serikali ikaleta mahindi ya njano kutoka ng'ambo, yakapanda na treni mpaka Arusha mjini, na watu wakayapangia foleni huku wakiyasema vibaya. Kwa ugali mtupu wa mahindi yale watoto walivimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Katikati ya shida hiyo Nashipae akaletewa habari kwamba mama yake mzazi anaumwa, huko Kimandolu. Naserian, binti yake wa miaka mitano, alikuwa amelegea hata kutembea hawezi. Ikabidi amwache kwa Nanyori. Aliondoka akitazama nyuma, akiwa na hakika atakaporudi atamkuta amezikwa.

Alikaa mwezi mzima, mpaka mama yake akapata nafuu. Aliporudi alimkuta Naserian anakimbia. Mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Mtoto alimrukia mama yake, akamkumbatia vizuri tu, halafu akateremka akarudi kwenye mapaja ya Nanyori.

Mama mwingine angeshukuru. Nashipae alishukuru kwa mdomo, tena kwa maneno machache. Siku zilizofuata mtoto alitaka kunyolewa na mama mdogo, kulala kwa mama mdogo, kuoshwa miguu na mama mdogo. Wivu ulimpanda Nashipae mpaka akawa hasikii ladha ya chakula, hata hicho kidogo kilichokuwapo. Kibuyu amechukua, akawaza, na mtoto anamchukua. Kampa dawa huyu.

Asubuhi moja Nanyori, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, alishuka mtoni kuchota maji. Nashipae akaingia nyumbani kwake kutafuta hiyo dawa. Alipekua kitanda, akapekua mitungi, akainua hata mawe ya jikoni. Hakuona kitu. Ndipo akatazama juu.

Alikitungua kibuyu, akabandua kizibo kwa kucha, akaingiza mkono. Majivu. Akazamisha vidole. Kokoto. Kokoto tupu za mtoni, saizi ya maharage, mpaka chini.

Alikaa sakafuni akacheka peke yake. Amekula mbegu! Yeye na hiyo mimba yake wamekula mbegu ya boma zima, na yule mama kipofu kila mwezi anakinyanyua kibuyu na kusema kizito. Nashipae alizirudisha kokoto zote, akachukua kinyesi kibichi kwenye zizi, akaziba, akasawazisha kwa kidole gumba. Angesema siku ile ile, pangekuwa na nafasi ya kutafuta mbegu nyingine. Lakini alitaka siku ya kupanda. Alitaka wakwe wawepo na majirani wawepo.

Wiki mbili kabla ya mvua Simel alipita mlangoni kwake akiwa na beberu.

"Noordin wa dukani amepata maharage ya mbegu," alisema. "Magunia mawili tu. Nikimpa beberu huyu atanipa debe. Lakini kama kibuyu cha yeyo, mama yangu, kiko sawa, beberu namwacha. Wewe ni mke mkubwa, unasemaje?"

Nashipae alikuwa anapepeta pumba. Hakuinua uso.

"Kibuyu kizito," alisema. "Mwache beberu wako."

Na kweli alisema kizito, hakusema kina mbegu. Hilo alijifariji nalo siku zote kumi na nne.

Mvua ya kwanza iliponyesha, watu wa boma walikusanyika uani na majembe. Shamba lilikuwa limeshalimwa. Magunia ya Noordin yalikuwa yamekwisha siku nyingi. Nanyori alikileta kibuyu amekikumbatia juu ya tumbo, uso umemshuka, na Nashipae akasogea mbele ili aone vizuri.

Mama mkwe hakukifungua. Alipitisha vidole mdomoni mwa kibuyu, akarudia taratibu.

"Mimi nilipaka mara moja," alisema. "Hapa pana mipako mitatu. Mmefungua wawili."

Nanyori akapiga magoti. "Wa kwanza ni mimi, yeyo. Ndani hamna kitu. Nilitia kokoto. Nilidhani nitapata nyingine kabla ya mvua, nikauza bangili zangu, sikupata."

"Ulizila?"

Aliyejibu alikuwa Naserian, akivuta shuka la bibi yake. "Nilikula mimi, bibi. Mama alipokwenda Kimandolu. Mama mdogo alikuwa akinipondea kila siku, yeye akawa anakunywa maji ya maharage tu."

Watu wakatazama ardhi. Nashipae alihisi uso unamwaka. Wivu wake wote wa miezi ile ulikuwa umesimama pale mbele yake na mashavu yake mazuri.

"Na wa pili?" aliuliza mama mkwe.

Simel aligeuka polepole akamtazama mke wake mkubwa.

"Uliniambia kizito," alisema.

"Kilikuwa kizito," alijibu Nashipae.

Mama mkwe alikiweka kibuyu chini. Hakugomba, kama kawaida yake. Alisema tu kwamba mama yake Nashipae, huko Kimandolu, hakosi mbegu kidogo, na kwamba mwenye kwenda kuomba ni yule aliyejua akanyamaza. Nanyori mbegu ilimwishia mdomoni mwa mtoto, alisema, lakini hii ya pili, ya dukani, imeishia wapi?

Nashipae aling'oa majani mabichi, akayashika mkononi kama afanyavyo mtu anayekwenda kuomba kitu au kuomba radhi. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya Nanyori akamnyooshea sehemu ya majani yale. Nanyori aliyapokea kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa imekonda, mifupa mitupu, na Nashipae akashangaa kwamba muda wote ule alimpeleleza lakini hakuwahi kumtazama.

"Naserian," aliita, "njoo tufuatane kwa bibi yako wa Kimandolu."

Mtoto alimtazama, akaitazama mvua.

"Nenda tu, mama," alisema. "Mimi nitabaki na mama mdogo."

Nashipae aliteremka njia ya mjini peke yake, majani mkononi, na ule wivu ukamchoma palepale pa zamani. Safari hii hakuwa na wa kumlaumu.