Sikio la Kushoto la Mama Angela

Kwaya ilikuwa katikati ya mazoezi pale kijijini Qurus, uani kwa Selestina, yaani Mama Angela, wakati mama mmoja wa Kimaasai asiyejulikana alipoingia na vumbi la safari miguuni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa ukirukaruka: jicho linafumba, mdomo unavutwa juu, kisha vinaachia.

“Mwalimu Julius, umekonyezwa,” mwimbaji Thomasi alimwambia mwalimu wao wa kwaya. Waimbaji wakacheka.

Mgeni akafunika shavu kwa shuka. Selestina akainamisha macho kwa aibu. Jicho lake pia lilikuwa hivyo zamani; mnadani Karatu mke wa mtu aliwahi kumtukana kuwa anamwita mumewe. Hata hivyo, hakumkemea Thomasi.

“Mimi Nosim, natoka Olbalbal,” mgeni alisema. “Daktari anataka kunipasua nyuma ya sikio. Kuna mshipa wa damu unagonga neva ya uso, ataweka kitu laini katikati. Amesema hapa yupo mama anayeanzisha nyimbo za kwaya, atanieleza ukweli.”

Selestina alikumbuka. Wodini, baada ya kupasuliwa vivyo hivyo, kwa furaha ya uso uliotulia, alimwahidi daktari kwamba mwenye hofu akija, atamwambia yote, mazuri na mabaya.

Akafungua kilemba, akaonyesha kovu. “Uso ulitulia. Sijamkonyeza mtu tena.”

“Na hakuna kilichopotea, yeyo, mama yangu?”

Selestina alimtazama Mwalimu Julius. Jumapili kwaya za parokia nzima zingekutana, na yeye Selestina ndiye wa kuanzisha nyimbo. Tangu upasuaji alisimama pembeni kabisa, sikio zima likielekea kwa wenzake. Wao walidhani anaringa.

“Nilipoteza sikio,” alisema taratibu. “La kushoto halisikii. Daktari alinionya mapema. Wengi hayawapati hayo. Mimi yalinipata, na nimewaficha hawa.”

Hakuna aliyecheka.

“Ndiyo maana Pasaka ulianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, Mama Angela,” Mwalimu Julius alisema.

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Basi Jumapili ataanzisha mwenzako Leonida.”

Uso ulimwaka Selestina, lakini haukuruka.

“Kama ungejua kwa hakika yatakupata,” Nosim aliuliza, “ungekubali tena?”

“Ningekubali. Ila ningelia kwanza.”

Kwaya ikaanza upya, Leonida akitangulia. Selestina akavuta kigoda, akamkalisha Nosim upande wake wa kulia, wa sikio zima, ili ayasikie maswali yake yaliyobaki.