Hotuba kwa Aliyeitwa Mlangoni

Katika vijiji vyote vya kisiwa cha Andro hapakuwa na mtu aliyejua kumsemesha mkaidi kama malenga Euthikle. Wenzake waliimba vita. Yeye aliimba wajumbe. Akifika pale mjumbe anaposimama na fimbo yake mbele ya mfalme aliyenuna, watu waliacha kutafuna. Naye alilijua hilo, wala hakuona haya kulisema. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na Euthikle alikuwa amekwisha kuwatoa nyoka wengi, ingawa wote walikuwa wa kwenye nyimbo.

Ndiyo maana Melite, binti wa mjane Nikareta, alimwendea yeye. Alimkuta kivulini anakula zeituni, akaanguka chini, akamkumbatia magoti kwa mkono mmoja na kumshika kidevu kwa mkono wa pili. Ukiombwa hivyo, kukataa ni kumchokoza mungu Zeu mwenyewe.

"Inuka, binti, utanimwagia zeituni zangu. Nani amekufa?"

"Kaka yangu Sosikle. Alizama na chombo wakati wa kupogoa mizabibu."

"Nilisikia. Pole sana."

"Sasa yuko nyumbani."

Euthikle aliacha kutafuna.

Mtu akichukuliwa na bahari, nduguze humjengea kaburi tupu, na hapo kaburini humwita kwa jina mara tatu, ili roho yake ijue pa kupumzika. Lakini siku ile miguu ya Nikareta ilikataa kwenda makaburini, au labda ni moyo uliokataa. Aliita palepale mlangoni kwake. Na Sosikle, ambaye tangu utotoni hakuwahi kungoja mama yake amwite mara ya pili, akaja mlangoni. Tangu hapo kila adhuhuri alisimama kando ya meko.

"Mama anampa uji wake wote," Melite alisema. "Yeye mwenyewe haonji. Anakwisha, bwana malenga, mkono wake nauzungushia vidole viwili vikakutana. Kaka asipoondoka nitamzika mama."

"Mwambie wewe, damu yake."

"Nimemwambia! Nimelia, nimemtukana mpaka nimekauka koo. Mimi sijui kusema. Wewe unajua."

Walifika jua likiwa utosini, saa ambayo hata wachungaji hawathubutu kupiga filimbi, wasije wakaiamsha miungu. Nikareta alikuwa ameketi mkekani, kakonda, macho makubwa.

"Umeletwa umfukuze mwanangu kwa nyimbo, mlafi wewe?" alisema, akacheka kidogo. "Haya, jaribu. Alikuwa hapendi hata kusikiliza harusini."

Nyenje nje walinyamaza, na Sosikle alikuwepo. Maji yalimchuruzika nywele na nguo, lakini sakafu ilibaki kavu. Alikuwa anatazama bakuli la uji. Euthikle alitamani kukimbia. Alisema baadaye kwamba ni aibu tu iliyomshika miguu. Mtu hasemi barazani bila fimbo, basi akaomba fimbo, na Melite akampa kijiti cha kuchokolea moto.

Akaanza kama anavyoanza mjumbe yeyote, kwa sifa. Alimtaja Sosikle mwana wa Khermo, mpiga makasia asiyechoka, akataja babu zake mmoja mmoja. Sosikle hakugeuka. Akaja kwenye zawadi, maana mkono mtupu haulambwi: kondoo mweusi kila mwaka, divai isiyochanganywa maji, asali, nywele za dada yake juu ya jiwe la kaburi. Sosikle alitazama uji tu. Jasho lilimtoka malenga. Katika nyimbo zake zote mkaidi alikuwa amekwisha kulainika hapa.

Kikabaki kile ambacho wajumbe hukiweka mwisho, baba.

"Sosikle," alisema, na sauti ikashuka yenyewe. "Khermo anakungoja. Ulikuwa mdogo alipokwenda, hukumjua vizuri. Ameketi kwenye nyasi ndefu ukingoni mwa mto wa wafu, ameweka mkono ubavuni pake, mahali patupu, na hamruhusu mtu apakalie. Kila anayeshuka anamuuliza, umewaona watu wangu? Wanapita bila kumjibu. Anauliza tena. Baba mtu mzima, kijana wangu, anaomba kama mgeni. Mwisho wake atachoka kuuliza."

Sosikle aliinua uso. Akamtazama mama yake, kisha akatoka mlangoni kama mtu anayekwenda kazini. Nyenje walianza tena kulia.

Melite aliangua kilio cha furaha, akakimbilia bakuli, akampelekea mama yake. "Kula, mama! Kula sasa!"

Nikareta hakulipokea. Alifungua mkanda wa nguo yake polepole, akaukunja, akauweka pembeni, kisha akajilaza na kujifunika shela, kama wanawake wanavyolazwa kwa mara ya mwisho.

"Ubavu upi?" aliuliza.

"Nini, mama?" alisema Euthikle.

"Mahali alipoweka mkono. Kushoto au kulia? Mimi nilikuwa nalala kushoto kwake."

Hapo ndipo Euthikle alipoelewa ni nani mwingine aliyekuwa anamsikiliza. Akapiga magoti, akaanza upya, haraka haraka: binti yako bado hajaolewa, wajukuu watakuja, mizabibu yako itavunwa na nani...

"Acha, baba," alisema Nikareta kwa upole. "Sifa umeshazitumia, na zawadi umeshazitumia. Najua unakoelekea. Nijibu moja tu. Huyo Khermo ulimjua kwa ndoto, kwa mungu fulani, au uliimba tu?"

Melite alimtazama malenga. Pumzi za mama yake zilikuwa zinapungua nguvu chini ya shela. Euthikle, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya mfalme yeyote wa kubuni, aliogopa kuliko alivyomwogopa maiti.

"Nilitunga," alisema. "Nisamehe, mama. Sijui Khermo yuko wapi. Sijui kama huko kuna mtu anayemngoja mtu."

Melite alipiga ukelele. Sosikle alikuwa amerudi, amesimama kando ya meko, maji yakimchuruzika, na safari hii hakutazama bakuli. Alimtazama malenga, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika mahali na kukuta hapana mtu.

Nikareta aliondoa shela, akaketi, akafunga mkanda wake.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Watu wana maneno." Akavuta sufuria, akaanza kumimina uji, wote, kwenye bakuli moja.